Motokaa ya Ujanani na Kutu Iliyo Chini ya Rangi

Ndugu wasomaji, yapo mambo ambayo mtu mzima huona haya kuyasimulia, si kwa kuwa ni maovu, bali kwa kuwa watu watayaona ni ya kitoto. Kupenda motokaa ni moja katika mambo hayo. Mtu mwenye mvi, ambaye wenzake barazani wamtarajia azungumze juu ya mirathi, au mahari ya binti yake, au maradhi ya magoti, haimpendezi kukutwa amelala chali chini ya gari, mikono imejaa grisi, akitafuta skurubu iliyomwanguka. Lakini kwa kuwa katika kuitafuta motokaa hiyo tulikaribia kuingia katika dhuluma, na tukaokolewa na neno moja la mwenzetu wa nyumbani, tumeona si vibaya kuyasimulia yaliyotupata, khasa kwa vijana, ili wapate kuzingatia.

Motokaa tunayoisema ni Datsun 240Z. Ilitengenezwa Japani na kampuni ya Nissan, nayo ilionyeshwa huko kwao mara ya kwanza mwezi wa Oktoba 1969 kwa jina la Fairlady Z. Nambari hiyo 240 yatokana na ukubwa wa injini yake, ambayo ni ya lita 2.4, yenye silinda sita zilizopangwa mstari mmoja na kabureta mbili za kuinywesha. Ina viti viwili tu, boneti ndefu kama pua ya papa, na mlango wa nyuma unaofunguliwa kwenda juu. Zama zile, aliyetaka gari la mbio aghalabu hakuwa na budi kununua la Ulaya kwa fedha nyingi. Hii ikaja na mwendo wa yale ya ghali kwa bei ya mtu wa kadiri, na lililo kubwa zaidi ni kuwa ilikuwa hailazi watu njiani.

Sisi wa Afrika ya Mashariki hatukuhitaji kuambiwa hayo na matangazo ya biashara, kwani tuliyasikia redioni kila Pasaka. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, yakipita katika barabara za Kenya, Uganda na Tanganyika, katika vumbi na matope yaliyovunja magari mengi yenye sifa kubwa. Mwaka 1971 Datsun 240Z ilishinda, ikiendeshwa na Edgar Herrmann pamoja na Hans Schüller. Mwaka 1973 ikashinda tena, na safari hii usukani ulikuwa mkononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa pamoja na Lofty Drews. Mehta alimaliza kwa alama sawasawa na Harry Källström, ambaye naye alikuwa katika Datsun ya namna nyingine, hata ikabidi mshindi apatikane kwa kanuni ya kutenganisha waliolingana. Baadaye Mehta alishinda tena miaka minne mfululizo, tangu 1979 hadi 1982.

Mwaka ule wa 1973 tulikuwa na umri wa miaka 13, tukikaa Mombasa katika Mji wa Kale. Wavulana wa mtaa wetu tulikuwa tukitengeneza magari ya waya, na kila mmoja akadai kuwa lake ndilo 240Z, ijapokuwa lilikuwa halina pua wala mkia. Na ile ya kweli tuliijua pia. Mfanyi biashara mmoja wa mjini alikuwa nayo, ya rangi ya machungwa, na jioni za Jumamosi alikuwa akiileta katika ile barabara ya pwani iitwayo leo Mama Ngina, ambako watu hukaa kupunga upepo na kula mihogo ya kukaanga. Alikuwa akiizima injini polepole, akashuka, akafunga mlango kwa vidole viwili. Sisi tulisimama mbali kidogo, mihogo imepoa mikononi, tukiisikiliza injini ile ikilialia kwa joto lake kama sufuria iliyoepuliwa.

Marehemu baba yetu, aliyekuwa karani bandarini, alituona jioni moja tukiwa katika hali hiyo. Hakutukemea. Alitushika bega akasema, "Cha mtu hutazamwa kwa macho, hakitazamwi kwa moyo." Kisha akatununulia muhogo mwingine. Maneno hayo tuliyasahau kwa muda wa miaka karibu hamsini.

Tukamaliza skuli, tukapata kazi, tukaoa, tukazaa na kulea. Magari tuliyoyamiliki yalikuwa ya kubebea watoto na magunia ya unga, nasi tukamshukuru Mwenyezi Mungu kwa hayo. Zile 240Z zikapotea barabarani moja moja. Nyingine ziligongwa, nyingine zikakatwa kwa ajili ya vipuri, na nyingi za hapa pwani zililiwa na chumvi ya hewa ya bahari. Kila tulipokwenda gereji tuliuliza kama yuko aijuaye iliyobaki, na mafundi wakacheka. Ukafika wakati ambapo kuuliza kwenyewe kukawa kama dua ya mazoea, ambayo mtu huiomba na huku hatarajii kujibiwa.

Mwaka 2021 fundi mmoja tuliyemzoea alitupigia simu baada ya sala ya laasiri. Alikuwa amekwenda Tudor kutengeneza bomba la maji, akaona uani kitu kirefu kilichofunikwa turubali. Aliinua pembe ya turubali, akaishusha haraka, akatuita.

Mwenye nyumba alikuwa bibi mjane, umri wake yapata miaka themanini. Mumewe alifariki mwaka 2006, na motokaa ilikuwa haijaguswa tangu siku alipougua. Tulipiga hodi, tukamwamkia, akatukaribisha na kututilia kahawa kwa mkono wake mwenyewe. Kisha akatupeleka uani. Turubali ilipotoka, tukaiona. Nayo ilikuwa ya rangi ya machungwa! Hatusemi kuwa ndiyo ile ile ya utoto wetu. Wala hatukutaka kuuliza. Matairi yalikuwa yamekwisha pumzi, vioo vimefanya ukungu, paka amezaa katika kiti cha abiria. Lakini ile pua ndefu ilikuwa palepale, na sisi tukarudi kuwa na umri wa miaka 13.

Fundi alikuwa mtu mzima zaidi kuliko sisi siku hiyo. Alitoa mfukoni sumaku iliyofungwa katika kitambaa, akaanza kuipitisha juu ya bodi. Kwa wasiojua, twaeleza: sumaku hushika bati, haishiki puti. Mahali palipooza kwa kutu, kisha pakajazwa puti na kupakwa rangi, jicho halioni kitu, lakini sumaku huanguka. Nayo ikaanguka mara nyingi: nyuma ya gurudumu la mbele, chini ya milango, na kando ya tundu la gurudumu la nyuma. Alipofunua zulia, sakafu ikaonyesha mchanga wa uani. Bati libebalo betri lilikuwa limeliwa na asidi. Ile mihimili miwili iliyochomelewa chini ya sakafu ilibonyea kwa kidole.

Nasi kila sumaku ilipoanguka tulitikisa kichwa na kusikitika kwa sauti, ili mwenye mali asikie. Tulihesabu kila aibu ya gari lile, hata ya yule paka.

Bibi akasema, "Mwanangu, mimi bei za magari sizijui. Watu wa vyuma chakavu walinipa elfu arubaini, nikaona ni kidogo. Nipe laki moja na nusu, uniondoshee uani kwangu."

Hapa yatupasa kukiri jambo. Sisi bei tulikuwa tukizijua. Tulikuwa tumesoma kuwa mwezi wa Januari 2020 motokaa moja ya namna hiyo, iliyotunzwa kwa namna ya pekee, iliuzwa kwa mnada huko Marekani kwa dola 310,000. Hiyo ya Tudor, hapana shaka, haikuwa na uso wa kusimama mbele ya ile. Lakini tulijua vilevile kuwa Nairobi wako watu ambao wangeitolea laki sita pale pale ilipo, pamoja na kutu yake na paka wake. Tulijua, tukanyamaza. Tukaomba bei ipunguzwe hata kidogo, kwa ajili ya sura tu, isionekane kuwa tumefurahi. Bibi akapunguza elfu tano. Tukampa arbuni ya elfu ishirini, tukaagana naye. Fundi akatunong'oneza njiani, "Mzee, kesho asubuhi tuje na gari la kuvutia, kabla hajaamka na fikira nyingine."

Usiku ule tulizungumza wakati wa chakula kama mtoto aliyetoka idi. Mwenzetu wa nyumbani alitusikiliza hadi mwisho, akakusanya sahani, kisha akauliza, "Yule bibi ajua thamani ya kitu chake?"

Tukamjibu kuwa bei aliitaja mwenyewe.

"Sikuuliza nani aliyetaja bei. Nimeuliza kama ajua."

Tukasema kuwa gari limeoza, na kwamba tumemwonyesha kila palipooza.

"Kwa hivyo aibu za gari mmemwonyesha, na uzuri wake mkauficha. Lau angekuwa mamako ndiye auzaye, akajiwa na mnunuzi kama wewe, ungemwitaje mtu huyo?" Akaingia jikoni, wala hakusema neno zaidi.

Usingizi haukuja. Kila mtoto aliyepita chuoni amefundishwa kisa cha Mtume, sala na salamu zimshukie, alipopita sokoni akatia mkono wake katika lundo la chakula, vidole vikakuta unyevu chini ya punje kavu. Akamwuliza mwenye lundo kwa nini hakuuweka ule ulioloa juu watu wauone. Kisa hicho tumekisimulia mara nyingi, na kila mara tulimfikiria muuzaji. Usiku ule tuliona kwa mara ya kwanza kuwa mnunuzi naye ana lundo lake. Tena tukakumbuka jinsi alivyokataza watu kuutokea msafara njiani na kununua bidhaa kabla wenyewe hawajafika sokoni wakajua bei. Na sisi tulifanya nini, kama si kumtokea mjane njiani, naye soko halijui wala halimjui?

Huenda msomaji akasema kuwa mauzo ni kuridhiana, na yule bibi aliridhia. Hatuandiki haya ili kutoa fatwa. Hilo twawaachia wanavyuoni. Twasema tu yaliyotukaa moyoni: kwamba sumaku ile, lau ingalipitishwa juu ya nia yetu, ingalianguka.

Baada ya sala ya alfajiri tulikwenda Tudor peke yetu, bila ya fundi na bila ya gari la kuvutia. Tukamweleza yote: bei za Nairobi, ule mnada wa Marekani, na kwamba laki moja na nusu si haki yake. Bibi alituangalia kwa muda mrefu.

"Kwa hivyo jana ulijua?"

Tukasema, ndiyo, tulijua.

"Na kahawa yangu ukanywa."

Ndugu wasomaji, tumewahi kukemewa na wakubwa wa kazi na kushindwa mbele ya watu. Lakini hatujapata kusikia maneno mazito kuliko hayo machache. Akatoka na elfu ishirini zetu, akatuwekea mkononi. "Chukua arbuni yako. Nitamwuliza mwanangu aliyeko Nairobi." Tukarudi nyumbani, nasi tumeyakinisha kuwa motokaa imekwenda. Fundi aliposikia hakutusemesha kwa juma zima.

Siku ya kumi na mbili bibi alituita. Mwanawe alikuwa amemleta mtu aliyetoa laki sita na nusu. Alipotwambia hayo tulimpongeza, na pongezi hizo zilitoka kwa taabu. Kisha akasema, "Yule ametoa zaidi, lakini simjui, na mwanangu amesikia kuwa ataikata aiuze vipande. Wewe ubaya wako nimeshauona, tena umeuleta mwenyewe mlangoni. Nipe laki tano, na usiikate."

Laki tano hatukuwa nazo. Akiba yetu yote ilikuwa laki mbili. Tukakubaliana kutoa hizo, na zilizobaki tuzilipe elfu ishirini na tano kila mwezi kwa muda wa miezi kumi na miwili. Tukaliandika deni, kama tulivyoamrishwa katika Kitabu, mashahidi wakatia sahihi, na mwanawe akapewa nakala. Bwana fundi akawa shahidi wa pili, uso umemkunjamana.

Huo ndio mwisho wa kuitafuta. Sasa ikaanza kazi ya kuitunza. Na hapa vijana wasikilize, kwani wengi hudhani kuwa kupata ndiyo kazi.

Sharti la kwanza tuliwekewa nyumbani: bati za paa zibadilishwe kabla ya masika, kisha ndiyo fedha yo yote iende katika gari. Sharti lilikuwa la haki. Mtu ambaye watoto wake walala chini ya paa linalovuja, na huku anunulia gari la starehe rangi mpya, huyo hana mapenzi ya gari, ana ugonjwa. Basi mwaka mzima motokaa ilikaa juu ya magogo, nasi tukilipa deni na paa, na kazi iliyofanyika ilikuwa ile isiyogharimu ila jasho.

Injini iliyolala miaka mingi haiamshwi kwa kuunganisha betri na kugeuza ufunguo; atakayefanya hivyo aweza kuvunja ringi za pistoni zilizogandana na silinda. Tulifungua plagi zote sita, tukatia oili kidogo katika kila tundu, tukaiacha siku kadhaa, kisha tukaizungusha kwa mkono kwa spana kubwa. Siku ya nne ilisogea kiasi cha upana wa kidole. Tuliyoyasikia moyoni wakati huo hayana jina. Petroli ya zamani ilikuwa imegeuka kama utomvu wenye harufu mbaya. Tangi likateremshwa na kuoshwa, mipira yote ya petroli ikabadilishwa. Breki vilevile zilifunguliwa zote, maana mafuta ya breki hunyonya maji ya hewani, na maji yale hula silinda za breki kwa ndani. Tangu hapo twayabadilisha kila baada ya miaka miwili, gari liwe limekwenda au limelala.

Kutu ndiyo iliyokula fedha. Fundi wa bodi alitwambia kuna njia mbili: kufunika au kukata. Kufunika ni rahisi, gari litapendeza Idi mbili, kisha uozo utatokeza tena ukiwa mkubwa zaidi. Kukata ni kuondoa bati lote bovu hata lifikiwe lililo zima, na kuchomelea jipya. Tulikata. Sakafu yote na ile mihimili miwili ikawa mipya, na kwa miezi mitano motokaa ilikuwa mbaya kuliko siku tuliyoikuta uani. Vipuri vingine tuliviagiza mbali, kwani magari haya yalitengenezwa zaidi ya 150,000 na wapenzi wake wako wengi, hata mipira ya milango yatengenezwa hadi leo.

Mipira hiyo nusura itugharimu kitu kikubwa kuliko fedha. Gari lilipoanza kutembea, tulimchukua mjukuu wetu wa miaka kumi, tukaenda naye hadi Mtwapa na kurudi. Tulipofika Nyali akasema, "Babu, kichwa chaniuma, nataka kutapika." Tulidhani ni joto, tukafungua vioo, kichwa kikazidi. Fundi aliposikia alitwambia tusiliguse gari tena. Motokaa hii, kwa umbo lake, inapokwenda mbio hewa ya nyuma huvutwa kuingia ndani, na mpira wa mlango wa nyuma ukichakaa, moshi wa ekzosi huingia pamoja nayo. Ukifungua vioo ndiyo huuvuta zaidi. Moshi huo una hewa ya sumu isiyo rangi wala harufu, nayo imeua watu waliodhani wamesinzia tu. Sisi tulikuwa tumekwisha paka rangi, tumekwisha ng'arisha vyuma, na mpira ule tuliuahirisha kwa kuwa hauonekani! Siku ile ile tuliagiza mipira mipya ya mlango na ya taa za nyuma, na mtoto hakukaa tena ndani hadi fundi aliporidhika.

Kazi tuipendayo kuliko zote ni ya kabureta. Zikiwa mbili, lazima zivute hewa sawasawa, ama sivyo injini hutetemeka kama mtu mwenye homa. Viko vyombo vya kupimia, lakini fundi alitufundisha kwa kipande cha mpira wa maji: ncha moja sikioni, ncha ya pili katika mdomo wa kabureta, usikilize mvumo wa hewa, kisha uhamie ya pili, na ugeuze skurubu kidogo kidogo hata mivumo miwili ilingane. Yule mjukuu siku hizi ana sikio zuri kutushinda. Atwambia, "Ya nyuma yavuta zaidi, babu," nasi tukigeuza, twaona kweli.

Mwezi wa Desemba 2023, deni likiwa limekwisha lipwa mwaka mzima nyuma, tulikwenda Tudor kumchukua bibi, yeye na mjukuu wake wa kike akitufuata kwa gari jingine. Tukampeleka Mama Ngina. Huenda msomaji angependa kusikia kuwa alilia. Hakulia. Alilalamika kuwa kiti kiko chini mno, magoti yamwuma, na harufu ya rangi imemchosha. Tulipofika aliitazama bahari, akala muhogo mmoja, akasema, "Marehemu hakuiweka safi namna hii." Kisha akataka arudishwe nyumbani kabla ya magharibi. Tuliposhuka kwake akatutilia kahawa, nasi tukainywa.

Kwa vijana watakaopenda kitu cha zamani, kiwe gari, saa, au redio ya babu, tuna maneno machache. Kwanza, kabla ya kukinunua, tazama chini ya rangi. Chukua sumaku, funua zulia, na mlipe fundi mwaminifu akutazamie kwa jicho lisilo na mapenzi. Pili, ujuzi ulio nao juu ya thamani ya kitu si silaha ya kumpigia asiye nao. Mwenye mali akiwa hajui, mjulishe, kisha pataneni. Tatu, gharama ya kununua ni mlango tu, nyumba yenyewe ni matunzo. Asiyeweza matunzo amwachie mwenzake. Nne, anza na breki, mipira na matairi, halafu ndiyo rangi. Tano, gari lisilotembea hufa. Liendeshe japo mara moja kwa juma, na likitoka pwani lioshe chini kwa maji matamu. Na la mwisho, haki ya watu wa nyumbani itangulie.

Je, tulirudishiwa ujana wetu? La. Tukishuka katika motokaa hii twashika mlango kwa mikono miwili na kusema bismillahi, kwa ajili ya mgongo. Yule mvulana wa 1973 hayumo ndani yake. Lakini jioni za Jumamosi, tunapoizima injini pale pwani, aghalabu huwapo mtoto mmoja au wawili wamesimama mbali kidogo, mihogo imepoa mikononi. Twawaita, twawafungulia boneti, twawaacha waguse. Kisha, kabla hawajaondoka, twawaambia yale maneno ya baba yetu, ambayo sisi tuliyaelewa tukiwa tumekwisha chelewa, na tukarudishiwa na mwanamke aliyekuwa akikusanya sahani.

Wabillahi taufiki.